Namna ya kuijenga K-9 Mail mwenyewe na kuichangia, hata kama simu yako ni ya bei chee

Kwa wasioijua, K-9 Mail ni apu ya imeli ya Android ya programu huria, Jesse Vincent aliianzisha 2008 kutoka kwenye ile apu ya imeli iliyokuwa inakuja na Android yenyewe, 2022 ikajiunga na mradi wa Thunderbird na Oktoba 2024 ikatoka Thunderbird ya Android. Siku hizi apu hizo mbili zinajengwa kutoka repo moja (ghala la msimbo), thunderbird-android kule GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, leseni yake Apache 2.0, kwahiyo ukirekebisha kitu cha pamoja kinaingia kwenye zote mbili.

Watu wanadhani kuchangia ni mpaka uwe mkali wa Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android. Wapi! Mradi kama huu unahitaji sana mtu mwenye simu ya kawaida na mtandao unaokatika katika, sababu matatizo ya huko hayaonekani kwa mtu mwenye Wi-Fi ya ofisini. Ila anza kwa kuijenga kwanza, usiguse chochote.

Unahitaji Git (inayotunza matoleo ya msimbo) na Android Studio (programu ya kutengenezea apu). RAM ya GB 8 utateseka kidogo, 16 ndo raha, na achana na emuleta, inakula RAM bure wakati simu unayo, washa USB debugging (inayoruhusu kompyuta kuweka apu kwenye simu) chomeka waya basi. Kwenye GitHub bonyeza Fork upate nakala yako, halafu kwenye terminali:

git clone --depth 1 https://github.com/JINALAKO/thunderbird-android.git

Badala ya JINALAKO weka jina lako la GitHub. Hiyo --depth 1 usiiache, inashusha hali ya sasa tu bila historia yote ya miaka na miaka, bando litakushukuru. Siku ukiihitaji historia unaandika git fetch --unshallow. Fungua folda kwenye Android Studio uache Gradle, chombo kinachoijenga apu, ishushe vitu vyake, hapa ndo bando linapoliwa haswa so fanya usiku kwenye bando la usiku au mahali penye Wi-Fi, na mtandao ukikata katikati usifute kitu, rudia tu, vilivyokwisha kushuka havishuki tena. Ukishajenga mara moja ikakubali, baadae unaweza kuongeza --offline kwenye amri za Gradle na ukafanya kazi bila intaneti kabisa, mpaka siku wabadilishe maktaba, yaani msimbo wa wengine ambao apu inautegemea.

Juu pale chagua app-k9mail, bonyeza ile pembetatu ya kijani. Ya kwako itaingia kwenye simu kama apu nyingine pembeni ya ile ya Play Store, haiifuti, maana toleo la debug lina kitambulisho chake. Weka akaunti ya majaribio humo, sio ya kazini tafadhali, utakuja kufuta imeli za bosi ukijaribu kitufe.

Haya sasa tutafute kazi. Mfano mzuri ni notifikesheni kuchelewa, kila mtu analia nalo. Apu inatumia IMAP IDLE, sehemu ya IMAP (njia ya kusoma imeli kutoka seva), yaani simu inafungua laini kwa seva na kuiacha wazi, ujumbe ukiingia seva inasema papo hapo. Laini ikikaa kimya muda mrefu seva inaweza kuikata, ndo maana kanuni ya IDLE inashauri kuianzisha upya kabla dakika 29 hazijapita. Sasa hapo katikati simu imelala, au ule mfumo wa kubana betri umeiua apu, au umetoka kwenye Wi-Fi ukaingia kwenye data, laini imekufa na hakuna aliyejua. Ukilipata tatizo kama hilo nenda mipangilio ya jumla, washa logi za debug (kumbukumbu za kila apu inachofanya), sababisha tatizo tena, halafu toa logi. Zisome kwanza kabla ya kuzituma! Anwani za watu na majina ya seva yanaweza kuwa humo, futa. Kwenye ripoti andika toleo la apu, toleo la Android, aina ya simu, ulifanya nini hatua kwa hatua na ulitegemea nini kitokee. "Apu haifanyi kazi" haimsaidii mtu.

Kwa tafsiri, usihariri mafaili ya strings.xml (yenye maneno ya apu) ya lugha yako ukatuma PR, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako, watakurudisha, tafsiri zote zinapita Weblate, tovuti ya kutafsiria programu. Humo angalia sana vialama kama %s na %d, hapo ndo jina au namba inapoingia, ukikiharibu kimoja apu inaweza kuzima ghafla kwa kila anayetumia Kiswahili. Na tafsiri huku apu umeifungua mkononi, neno moja kwenye kitufe na kwenye sentensi ni vitu viwili.

Ukitaka kugusa msimbo wenyewe, tafuta kazi zenye lebo ya good first issue, acha komenti kwamba unaichukua, fungua tawi jipya (nakala ya pembeni ya msimbo kwenye Git), badilisha kitu kimoja tu. Utakuta Java ya zamani na Kotlin vimechanganyika, usishikwe na hamu ya kusafisha nyumba nzima, hakuna atakayeisoma PR ya mafaili mia. Wazo kubwa jipya lijadiliwe kwanza kabla hujakesha unaliandika. Kabla ya kutuma endesha ./gradlew spotlessApply inyooshe mpangilio, na majaribio ya moduli uliyogusa, la sivyo mashine zao za kukagua PR zitaikataa kabla binadamu hajaiona.

Ukishatuma subiri, wanaokagua ni wachache. Wakiomba marekebisho usifunge PR ukafungua nyingine, rekebisha kwenye tawi lilelile na upush (uipandishe GitHub) tena, maongezi yote yanabaki pale pale.