Ukiitwa Shuleni Marekani, Usianze kwa Kuomba Radhi

Sisi tuliokulia Kigoma, Bukavu au Mombasa tunajua mzazi akiitwa shuleni hufanya nini. Anavaa vizuri, anaketi, anasikiliza, anamwambia mwalimu "huyu ni mwanao, mfunze adabu", kisha anamgeukia mtoto kwa jicho kali. Ni heshima, na siibezi. Lakini huku Marekani kutikisa kichwa kunaweza kuandikwa kuwa umekubali, na maandishi hayo yakabaki kwenye faili la mtoto.

Kisa ninachokutana nacho mara nyingi ni hiki. Mtoto anataniwa ngozi, lafudhi, hijabu. Miezi inapita, anavumilia, nyumbani hasemi. Siku moja anarusha ngumi. Mwenzake Kiingereza anacho, anaeleza kwanza. Wetu bado anatafuta maneno. Anayesimamishwa masomo ni wetu. Kwenye kikao dada yake wa miaka 13 anageuzwa mkalimani, na kwa huruma anayalainisha ya mwalimu na ya mama ili mambo yaishe.

Hapo pa mkalimani ndipo pa kuanzia. Sura ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa rangi au asili yao, na kumwacha mzazi gizani kwa sababu ya lugha kunahesabiwa humo. Mkalimani analetwa na shule, na shule ndiyo inayomlipa. Hata wa kwenye simu anafaa. Mwombe kabla ya siku ya kikao. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema hivyo waziwazi, maana cha Nairobi kinaweza kukuacha njiani.

Kisha uliza: mwanangu aliulizwa? Kwa lugha gani? Swali hili lina uzito. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss v. Lopez iliyotoka Columbus, Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi wa shule ya umma hasimamishwi hata kwa siku 10 au pungufu bila kuambiwa kosa lake na, akikana, kuelezwa ushahidi uliopo na kupewa nafasi ya kusema upande wake. Akionekana kuwa hatari anaweza kuondolewa kwanza, lakini nafasi hiyo lazima ifuate upesi.

Utetezi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni ule ulioandikwa kabla ya ngumi. Siku mtoto anapokuambia ametukanwa, mwandikie mwalimu na mkuu wa shule barua pepe usiku huohuo: tarehe, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Kama kuna picha, iambatanishe. Kiingereza cha kuungaunga hakidhuru. Malalamiko ya mdomo pale mlangoni hayana tarehe, na mwalimu akihama yanahama naye.

Wasipojibu, panda hadi ofisi ya wilaya ya shule. Juu yake iko Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu; kwa kawaida inataka malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio. Lakini mwaka 2025 serikali ilitangaza kufunga ofisi zake 7 kati ya 12 za kanda, kwa hiyo usitegemee mlango huo peke yake.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa mambo ya uhamiaji. Tangu kesi ya Plyler v. Doe ya 1982, mtoto asiye na hati ana haki ya shule ya umma kama wenzake.

Mwisho wa kikao italetwa karatasi ya kusaini. Muulize mkalimani: sahihi hii inasema nimeipokea, au nimekubali? Kama hakuna anayekujibu sawasawa, iombe uende nayo nyumbani ukasomewe.