Namna ya kuanzisha hazina ya kidijitali ya kazi za utafiti na ubunifu katika chuo kikuu kidogo

Katika vyuo vikuu vyetu vidogo, tasnifu ya mwanafunzi husomwa na watu wachache mno: mwandishi mwenyewe, msimamizi wake na watahini. Baada ya mahafali, nakala yenye jalada gumu hupelekwa maktaba na kupangwa rafuni, na mchongo, filamu fupi au diwani iliyotungwa kwa ajili ya shahada hiyohiyo haifiki hata huko. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkutubi au mhadhiri aliyekabidhiwa jukumu la kuzikusanya kazi hizo mahali pamoja mtandaoni. Ninafanya kazi hii katika maktaba ya chuo cha aina hiyo, na msimamo wangu ni kwamba programu ya kompyuta ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Hazina husimama au huanguka kwa utaratibu wa kupokea kazi, kwa ridhaa za wenye kazi, na kwa uangalifu wa anayejaza maelezo ya kila kazi.

Hatua ya 1: Pata uamuzi wa Seneti

Andika sera fupi ya kurasa mbili inayotaja nani anawajibika kukabidhi kazi, wakati gani, na katika umbo gani, kisha uipeleke Seneti kabla hujagusa seva. Pendekeza kwamba maktaba isisaini fomu ya kumalizia masomo, ile ambayo mwanafunzi huizungusha kati ya maktaba, uhasibu na bweni, mpaka nakala laini ya tasnifu au ya kazi yake ya sanaa iwe imepokelewa. Bila kifungu hicho utabaki kuwaomba watu mmojammoja, na ukihamishwa au ukistaafu kazi yote itasimama. Sera itaje kazi za ubunifu kwa jina: michongo, michoro, muziki, tamthilia, filamu na tungo. Zisipotajwa, idara za sanaa zitadhani hazihusiki, jambo ambalo ni hasara kubwa, kwa kuwa mara nyingi kazi hizo ndizo zisizo na nakala nyingine popote.

Hatua ya 2: Orodhesha kilichopo

Pita katika rafu, katika kabati za wakuu wa idara na katika kompyuta za wasimamizi. Jedwali moja lenye mwandishi, kichwa cha kazi, mwaka, idara na hali ya nakala linatosha kwa sasa.

Hatua ya 3: Shughulikia haki na ridhaa

Hapa usiharakishe. Mwandishi wa tasnifu kwa kawaida ndiye mwenye hakimiliki yake, isipokuwa mkataba au kanuni za chuo ziwe zimesema vinginevyo, kwa hiyo chuo kinahitaji ruhusa yake ya maandishi ili kuiweka hadharani. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Soma inayokuhusu ukiwa na mwanasheria wa chuo. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwanafunzi anachagua leseni ya Creative Commons anayoitaka, yaani ruhusa ya wazi inayoeleza wengine wanaweza kuitumiaje kazi yake, na kama anataka kazi ifunguliwe mara moja au isubiri kwa muda, tuseme miezi 12, kwa sababu anakusudia kuchapisha makala kutokana nayo.

Kwa wahadhiri, tatizo huwa ni makala ambazo tayari zimechapishwa katika majarida. Majarida mengi huruhusu muswada uliokubaliwa baada ya mapitio, yaani kabla haujapangwa kurasa na mchapishaji, uwekwe katika hazina ya chuo, lakini hayaruhusu toleo lake la mwisho. Sera za majarida mengi zinapatikana katika Open Policy Finder ya Jisc, huduma ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la Sherpa Romeo. Waombe wahadhiri watunze muswada huo siku ileile wanapopokea barua ya kukubaliwa, kwa kuwa baada ya mwaka hakuna anayekumbuka ulipo.

Kazi zenye sauti na picha za watu zinadai uangalifu zaidi. Mwanafunzi aliyerekodi utenzi ukighaniwa na bibi wa kijijini, au kikundi cha ngoma kikicheza, anamiliki maelezo yake katika tasnifu, lakini wasanii wale nao wana haki zao kama wafanyaji wa maonyesho, na hizo ndizo sheria inazoziita hakishiriki. Ridhaa ya kuhojiwa kwa ajili ya utafiti haitoshi kuwa ridhaa ya kusikilizwa na dunia nzima. Waelezwe kwa lugha wanayoielewa, na kwa asiyeandika, jibu lake lirekodiwe kwa sauti na kuhifadhiwa pamoja na kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakulazimu kukagua viambatisho: orodha za wahojiwa zenye majina na namba za simu ziondolewe katika nakala ya hadharani.

Hatua ya 4: Chagua programu

DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT kwa ushirikiano na Hewlett-Packard, ni ya bure, na hutumiwa na vyuo vikuu kama Muhimbili, Sokoine na Nairobi, kwa hiyo hutakosa mtu wa kumuuliza. Hata hivyo, kuanzia toleo la 7 la mwaka 2021 inahitaji seva yenye kumbukumbu kubwa na fundi anayeifahamu. Kama chuo chako hakina fundi huyo, anzisha jumuiya ndani ya Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu mwaka 2013, ambayo hupokea hadi GB 50 kwa kila rekodi na kuipa kila kazi kitambulisho cha kudumu cha DOI. Kwa DSpace, jisajili upate kiambishi cha Handle, mfumo wa anwani za kudumu za mtandaoni, ili siku chuo kitakapobadilisha tovuti, viungo vilivyokwisha kunukuliwa visife.

Hatua ya 5: Jaza maelezo kwa uangalifu

Seti ya msingi ya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kueleza kazi (mwandishi, kichwa, tarehe na kadhalika), ina vipengele 15, na vingi vinajieleza vyenyewe. Vinavyosumbua kwetu ni majina na maneno muhimu. Mtu mwenye majina matatu huandikwa kwa namna tatu katika kazi tatu, na mwanamke aliyeolewa katikati ya masomo huonekana kama waandishi wawili. Amua jina lipi linatangulia, liandike hivyo siku zote, na umsaidie kila mwandishi kupata namba ya ORCID yenye tarakimu 16, ambayo habadilishiwi hata akibadili jina.

Maneno muhimu yanataka ujuzi wa Kiswahili chenyewe. Nomino zetu hubadilika mwanzoni, na injini ya utafutaji isiyoandaliwa kwa Kiswahili haitajua kwamba "mkulima" na "wakulima" ni neno moja. Kwa tasnifu kuhusu magonjwa ya muhogo wilayani Newala, mimi ningeandika: muhogo, mihogo, Manihot esculenta, batobato, michirizi ya kahawia, mkulima, wakulima, Newala, Mtwara. Ikisiri iwepo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila moja ikiwa na alama ya lugha yake, "sw" na "en".

Kinyago hakina ikisiri, lakini kinaeleweka kikielezwa vizuri: mpingo, mtindo wa ujamaa, kimo sentimita 62, mwaka, zana zilizotumika, na aya moja ya mchongaji akieleza alichokusudia. Kipige picha kutoka pande nne kwenye mwanga usio mkali, na katika picha moja weka rula pembeni.

Hatua ya 6: Andaa mafaili

Tasnifu za karatasi zipigwe skani kwa dpi 300, zipitishwe katika programu ya kutambua maandishi (Tesseract inao Kiswahili), kisha zihifadhiwe kama PDF/A, aina ya PDF iliyokusudiwa kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Sauti ihifadhiwe katika WAV ya biti 24 na kHz 48. Saa moja ya sauti ya stirio hufika takriban GB 1, kwa hiyo panga nafasi ya diski mapema. Nakala nyepesi ya MP3 ndiyo wasikilizaji wataifungua kwenye simu.

Hatua ya 7: Linda na utangaze

Weka nakala tatu katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya kampasi, na kila baada ya miezi michache jaribu kurejesha faili moja kutoka kwenye akiba. Washa OAI-PMH, itifaki inayowezesha hazina nyingine kuvuna maelezo yako, jisajili OpenDOAR, orodha ya kimataifa ya hazina za wazi, na hakikisha kwamba Google Scholar inazifikia kurasa zako. Kila mwisho wa muhula, mpelekee kila mkuu wa idara orodha mbili kwenye karatasi moja: kazi za idara yake zilizosomwa zaidi, na majina ya wahitimu ambao kazi zao bado hazijapokelewa.