Namna ya kuwazuia kindi wasimalize mbegu za ndege uani

Uani kwangu hapa Columbus, Ohio, wanakuja ndege: kardinali wekundu, chiriku wa manjano, njiwa na vigogota. Miezi ya baridi, miti ikiwa mitupu, hao ndio wanaonifungulia siku. Kilishio changu cha kwanza, yaani chombo cha kuwawekea ndege mbegu, kilikuwa cha plastiki, nikakitundika kwenye tawi. Siku mbili tu, kindi walikuwa wamemaliza mbegu zote na kutafuna chombo chenyewe. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo plastiki na mbao laini kwake si kizuizi. Lakini usikimbilie dukani kununua kilishio cha bei kubwa. Anza na mahali pa kukiweka.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuchimba

Wengi tunamwona kindi (au kuchakuro, kama wengine wanavyomwita) kuwa mpandaji, tukasahau kwamba ni mrukaji hodari. Walishaji ndege wa huku wana kanuni ya 5-7-9: kutoka ardhini anaruka juu futi 5 (mita 1.5), kutoka kwenye shina au ukuta anaruka upande futi 7 (mita 2.1), na kutoka kwenye tawi au paa anajirusha chini futi 9 (mita 2.7). Mimi naacha futi 10 kila upande. Hesabu pia uzio, kibanda cha vifaa, meza ya nje, jiko la kuchomea nyama na kamba ya kuanikia nguo. Kama kuna tawi linaloning'inia juu, likate au tafuta mahali pengine. Usipopata nafasi hiyo, hatua zinazofuata zitakusaidia kidogo tu.

Hatua ya 2: Simika nguzo ya chuma

Bomba la chuma la futi 10, nene inchi 1, linatosha. Fukia futi 2, shindilia vizuri. Fanya hivyo kabla ardhi haijaganda. Ukishavalisha bomba la hatua ya 3, juu yake funga mikono ya kutundikia, na sehemu ya chini ya kilishio isishuke chini ya futi 6.

Hatua ya 3: Valisha nguzo bomba la bati

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Aliyewahi kuona kihenge cha mahindi kilichoinuliwa juu ya nguzo, kila nguzo ikiwa na bati la kuzuia panya, tayari ameelewa. Kindi anapanda nguzo, anaingia chini ya bati, anakuta juu pamezibwa, anashuka.

Nunua kipande cha bomba la dohani, lile la majiko ya kuni, kipenyo inchi 8 na urefu inchi 24. Kata duara la wavu wa waya wenye matundu madogo, likunje kingo na ulikaze kwa skrubu ndani ya mdomo wa juu. Toboa tundu katikati linalotosha nguzo tu. Mdomo wa chini uache wazi. Funga klampu (kibano cha chuma) kwenye nguzo, kisha shusha bomba lako likae juu yake, mdomo wa juu ukiwa futi 5 kutoka ardhini. Usilikaze kabisa: bati linaloyumba akiligusa humkatisha tamaa zaidi. Na kwa nje bomba ni pana na linateleza, hawezi kulikumbatia akapanda.

Hatua ya 4: Chagua mbegu

Alizeti nyeusi inapendwa na ndege karibu wote, na kindi pia. Kama bado wanakusumbua, changanya au badilisha kwa safulawa, mbegu nyeupe chungu kidogo: kardinali na njiwa wanaila, kindi wengi wanaiacha. Si wote, njaa ya Februari ina nguvu zake.

Pilipili nayo inafanya kazi. Ndege hawausikii ukali wake kama wanyama wanyonyeshao. Ndiyo maana kwetu pilipili huota zenyewe kando ya uzio, zimepandwa na ndege. Nunua mbegu zilizokwisha kupakwa pilipili. Unga wa kujichanganyia mwenyewe huruka na upepo, ukaingia machoni.

Hatua ya 5: Safisha chini

Mbegu zilizomwagika ndizo zinazowaita kindi, na panya wakafuata. Weka sahani ya kukingia, fagia mara kwa mara, na usijaze zaidi ya zinazoliwa kwa siku moja au mbili. Kila wiki mbili osha kilishio kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo (bleach) na sehemu 9 za maji, suuza, kausha kabisa. Uchafu wa kilishio huambukiza ndege bakteria wa salmonela.

Nakusihi usipake nguzo grisi wala mafuta. Yakishika manyoya, ndege hawezi tena kujikinga na baridi, na kindi vilevile. Sumu usiifikirie kabisa. Kuwanasa na kuwapeleka mbali pia si suluhisho: majimbo mengi yana sheria juu ya jambo hilo, na nafasi ya aliyeondoka hujazwa na mwingine.

Ukishamaliza, keti dirishani asubuhi mbili tatu na chai yako, utazame njia anayojaribu. Mimi niligundua kiti cha bustani kilichosahauliwa futi 6 tu kutoka kwenye nguzo. Na theluji ikianguka futi moja, zile futi 5 zako zimebaki 4, kwa hiyo chukua koleo uifukue kuzunguka nguzo kabla kindi hajatangulia.