Bei na malipo kwenye kituo cha kujioshea gari (someni kabla ya kuuliza)

Kila wiki ni swali lile lile: niweke bei gani, nitumie Till (nambari ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara) au sarafu. Naandika mara moja.

1. Uza dakika, usiuze gari. Mwenye Probox na mwenye Prado kila mmoja atalipia maji yake.

2. Pima pampu. Jaza ndoo ya lita 20 huku ukitazama saa. Tuseme inatoa lita 12 kwa dakika: dakika 5 ni lita 60. Bauza (lori la maji) la lita 10,000 ukilinunua Sh 6,000, maji pekee yamekula Sh 36. Mota ya kilowati 3 kwa dakika hizo inakula robo uniti ya umeme. Uniti ikiwa Sh 28, hiyo ni Sh 7. Sabuni weka Sh 5. Jumla Sh 48, na bado hujamlipa mwenye ploti wala soja wa usiku. Halafu mtu anauza dakika 5 kwa Sh 50 eti jirani anauza hivyo. Jirani ana kisima! Piga hesabu kwa bei ya bauza hata kama una mfereji. Nairobi maji ni ya mgao, na wateja hawafuati ratiba ya mgao.

3. Uza dakika kwa vipande vya Sh 100 na Sh 200 basi. Kwenye Till, malipo yasiyozidi Sh 200 hukatwi ada.

4. Chukua Till. Usipokee kwa nambari yako ya simu. Utachanganya pesa ya kazi na ya nyumbani.

5. Hapa ndipo ugomvi wote huzaliwa, kwa hivyo soma polepole. Mafundi wengi huunganisha mashine ianze kuhesabu pesa ikiingia tu. Mteja bado anafunga vioo, bunduki ya maji iko kwenye ndoano, na kioo cha mashine kinaonyesha zimebaki dakika 3:40. Atadai dakika zake, na ana haki. Mwambie fundi pesa ikiingia iwashe taa ya kijani tu. Saa ianze mteja akibonyeza kitufe. Ongeza kitufe cha kusimamisha, lakini kiwe na kikomo, la sivyo mtu atasugua rimu nusu saa huku foleni imefika barabarani.
ONYO: mashine iamini jibu la mfumo wa M-Pesa pekee. SMS ya kwenye simu ya mteja si malipo, hata ikiwa na jina lako. Kuna watu kazi yao ni kuzitunga.

6. Sarafu ziwepo kwa asiye na chaji. Kifundishe kisanduku cha sarafu kutambua sarafu za zamani na zile za 2018 zenye wanyama. Zote zinatumika na hazifanani.

7. Bandika bei kwa herufi kubwa.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Mkuu, bei nzuri ni ngapi kwa dakika?
— Namba 2. Ndoo unayo?

Msafi254: Mambo mengi hayo. Si niajiri kijana apokee keshi?
— Ajiri. Ila hicho si kituo cha kujioshea tena, na jioni utahesabu pesa bila kujua dakika ngapi zilitoka.

Mama Pampu: Shikamoo mwalimu. Nina vibanda vitatu. Till moja itajuaje pesa ni ya kibanda kipi?
— Marahaba mama, swali zuri. Haijui. Una njia tatu: Till tatu, moja kila kibanda, au Paybill, nambari ya kibanda ndiyo iwe nambari ya akaunti, au mteja aandike nambari yake ya simu kwenye kioo cha mashine ya kibanda, aletewe ombi la kuweka PIN. Ya tatu ndiyo safi, maana kiasi hakikosewi. Mtandao ukikwama pesa ikiwa imekatwa, mhudumu awe na ufunguo wa kuwasha kwa mkono na daftari la kunakili nambari ya muamala.

Mama Pampu: Asante. Na vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) niitoze sawa na maji?
— Hapana, punguza. Vakyumu haili maji wala sabuni, mpe mteja dakika nyingi zaidi kwa Sh 100 na bado utabaki na faida. Iweke mbali na vibanda, gari likishaoshwa lisogee.

Boda Kasa: Na sisi wa pikipiki? Sh 100 ni nyingi.
— Kweli. Weka kipande cha Sh 50 cha dakika 2, kwa sarafu.