Somo: Kuifuata shaba hadi kwa kitukuu wa kiroboto maji

Dawa za shaba zinazopuliziwa mibuni husombwa na mvua hadi mitoni. Kumweka kiroboto maji (dafnia, mnyama mdogo sana wa majini) kwenye maji hayo siku mbili na kuangalia kama atakufa hakutoshi. Anaweza kupona, kisha wanawe wakaja dhaifu.

1. Tayarisha maji. Klorini ya bomba huwaua, na maji yaliyopita kwenye bomba la shaba yataharibu kila kitu. Joto liwe nyuzi 20, mwanga saa 16 kwa siku.

2. Anza na jike mmoja. Akiwa katika hali nzuri huzaa bila dume, hivyo uzao wake wote ni damu moja.

3. Chukua watoto wasiozidi saa 24: 10 kwa maji safi, 10 kwa kila kipimo cha shaba, kila mmoja na chupa yake. Vipimo visiwe vya kuua. Andika ugumu wa maji, maana maji ya chokaa hupunguza ukali wa shaba. Mwani wa chakula uwe sawa kwa wote. Mwenye njaa huzaa kidogo, nawe utailaumu shaba bure.

4. Hesabu watoto kila siku kwa siku 21, uwatoe. Kwa Daphnia magna, aina ya dafnia, mwongozo namba 211 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) unataka wa maji safi wazae wastani wa watoto 60 au zaidi kwa kila mama, na wasife zaidi ya wawili kati ya 10. Vinginevyo, rudia.

5. Kizazi kinachofuata kitoke kwenye kundi la watoto ambalo mama analizaa mara ya tatu, si la kwanza. Nusu wabaki kwenye shaba, nusu wahamie maji safi.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mama hubeba mayai kwenye mfuko mgongoni, na maji yenye shaba hupita humo. Mtoto ameguswa kabla ya kuzaliwa, na chembe zitakazomzaa mjukuu zimeguswa pamoja naye. Katika ile nusu ya maji safi, wa kwanza ambaye hajaguswa kabisa ni kitukuu. Nawasihi, msiandike "amerithi" kabla ya kumfikia.

Swali: Mwalimu, wangu wameanza kuzaa madume. Ni shaba?

Jibu: Angalia kwanza msongamano, njaa na kufupika kwa mwanga. Kisha uliza maji yametoka wapi. Pairiproksifeni, dawa ya viluwiluwi vya mbu, huiga homoni ya wadudu, na dafnia akiipata huzaa madume hata akiwa ameshiba.

Swali: Kizazi changu cha nne kinaistahimili shaba kuliko cha kwanza. Wamebadilika?

Jibu: Tazama ile nusu ya maji safi. Warudishe wachache kwenye shaba. Wakilegea kama babu zao, yalikuwa mazoea ya mwili tu. Wakistahimili, endelea nao vizazi vingine viwili kabla ya kuandika lolote.

Swali: Maji ya shaba yaliyobaki nimwage wapi?

Jibu: Usiyamwage, si mtaroni wala mtoni. Yakusanye kwenye dumu lenye lebo, uyapeleke maabara inayopokea taka za kemikali.