Kibuyu chirizi cha watoto: tundu ndilo litakalokusumbua

Jumapili nilikuwa kwa mama jirani, huku kwetu Muheza, tukitengeneza kibuyu chirizi chake cha pili, yaani dumu la kunawia mikono linaloning'inia na kuinama ukikanyaga fimbo. Cha kwanza alikitengeneza mwenyewe kwa kuangalia picha. Kilivuja mchana kutwa, siku ya nne watoto wakarudi kwenye beseni. Sikumcheka, maana changu cha kwanza kilinimalizia Jumamosi nzima na madumu mawili.

Beseni la kunawia pamoja kabla ya kula silipendi kabisa: wa kwanza ananawa, wa tano anajipaka uchafu wa wanne. Ndoo yenye bomba ina nafuu, ila mtoto aliyetoka chooni hulifungua kwa mkono mchafu, akanawa vizuri, kisha akalifunga kwa kulishika palepale. Kwenye kibuyu chirizi anakanyaga tu, mkono haugusi kitu zaidi ya sabuni na maji.

1. Dumu

Tafuta la lita 5, lenye mdomo upande mmoja na mpini wa wazi unaopitisha fito. Dumu la mafuta ya kula linafaa. Lililowahi kubeba dawa ya shamba usilitumie hata kama umelisuuza mara kumi.

2. Nguzo

Miti miwili yenye panda, simika, pitisha fito. Kuchimba shimo unajua. Sehemu zinazoingia ardhini zipake oili chafu kwa ajili ya mchwa. Urefu usipime kwa mwili wako: fito ikae usawa wa kidevu cha mtoto wa miaka 5. Wewe utainama kidogo, hutakufa.

3. Tundu

Hapa twende polepole.

Tundu linakaa upande ule ule wa mdomo, kama sentimita 12 kutoka kitako cha dumu. Maji utayajaza mpaka chini kidogo ya tundu, basi. Dumu likiwa wima halitoi kitu. Likiinamishwa, maji yanakimbilia mbele, yanapanda juu ya tundu na kuchirizika. Jirani yangu alilitoboa chini kabisa kama bomba la pipa, halafu akajaza mpaka shingoni. Lazima livuje.

Toboa kwa msumari mwembamba uliowekwa kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu. Ushike kwa plaizi. Ingiza mara moja, toa, acha. Usizungushe! Ukizungusha, tundu linapanuka, na kuziba kwa plastiki ya kuyeyusha hakudumu. Nilijaribu, kiraka kikabanduka siku ya pili. Watoto wakae mbali na huo mkaa, hata wakililia kuona.

Sasa lile lililonila saa nne nzima. Nilitoboa vizuri, nikajaza, nikakanyaga. Maji yakatoka kidogo, yakakata, yakabaki matone. Nikadhani kuna plastiki imeziba, nikapanua tundu. Yakatoka kwa kukohoakohoa. Nikapanua tena, na dumu likawa limeharibika. La pili likafanya vilevile. Kumbe kifuniko nilikuwa nimekikaza, na hewa haikuwa na pa kuingilia. Maji hayawezi kutoka kwenye tundu dogo kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo toboa tundu la pili, dogo zaidi, juu kabisa mgongoni mwa dumu, upande wa nyuma ya mpini. Dumu likiinama, lile linabaki juu ya maji na kazi yake ni hewa tu. Wapo wanaolegeza kifuniko badala ya kutoboa. Mimi sishauri, maana maji hudondoka kupitia kamba, na mtoto mtundu hukifungua na kukipoteza. Kama maji yanakata, kagua hewa kwanza kabla hujagusa tundu la mbele.

4. Kamba na kanyagio

Funga kamba ya manila shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye fimbo ya kukanyagia. Ncha moja ya fimbo ilale chini, yenye kamba ining'inie kama sentimita 15 kutoka ardhini. Fimbo iwe nyepesi. Ikiwa nzito inalivuta dumu likae limeinama, na utarudi kulaumu tundu bure.

Chini mwaga kokoto. Dimbwi hapo ni mazalio ya mbu. Kama una mgomba karibu, elekeza maji huko.

5. Sabuni

Kunguru wataiba. Itumbukize kwenye soksi kuukuu, funga, ning'iniza kwenye fito. Mtoto anasugua soksi yenyewe. Siku sabuni imekwisha, kopo la majivu linasaidia.

6. Mahali

Kiweke njiani, kati ya choo na mlango wa jikoni, ili mtoto asiweze kupita bila kukiona. Mama huyu alikuwa amekificha nyuma ya banda la kuku kwa sababu "kinaharibu uwanja". Mtoto wa miaka 4 hazunguki banda kwenda kunawa.

Kutoka chooni, na kabla ya kula: haya mawili wafundishe wao. Baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha ni yako wewe, na watakuwa wanakutazama. Wasugue huku wakihesabu polepole mpaka 20, viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole. Mkubwa mpe kazi ya kujaza asubuhi na jioni.

Wiki ya kwanza watakanyaga kwa mchezo na maji yatakwisha kabla ya saa nne. Waache. Ila kamba ikikatika ifunge siku hiyohiyo. Kwa jirani ilikatika Jumatatu jioni, na Jumanne mchana nikakuta beseni limerudi mkekani.