Kusakinisha PostgreSQL kwenye Windows, na kwa nini kazi haijaisha mpaka urejeshe nakala

Somo hili ni la anayetaka kuweka PostgreSQL, programu ya kanzidata (hazina ya data iliyopangwa kwa majedwali), kwenye kompyuta yake mwenyewe, laptopu ya kawaida yenye Windows 10 au 11. Kusakinisha kwenyewe hakuzidi nusu saa. Nimeliandika kwa ajili ya hatua ya mwisho, ile ambayo wengi wetu huiacha tukisema tutaifanya kesho.

Niliwahi kumwekea kanzidata mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Morogoro. Nikapanga nakala rudufu ijichukue yenyewe kila usiku na kwenda kwenye flashi. Miezi ikapita. Siku diski ya kompyuta ilipokufa nilichomoa ile flashi moyo ukiwa umetulia, maana mafaili yote yalikuwepo, moja kwa kila usiku, na tarehe zake sahihi. Kisha nikatazama safu ya ukubwa: KB 0, KB 0, KB 0, mpaka chini. Kila usiku programu ilikuwa inauliza nywila, hakuna mtu wa kuijibu, na faili tupu linabaki. Mauzo ya miezi mingi tuliyaandika upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, mimi na binti yake, kwa wiki mbili. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwahi kujaribu kurejesha hata nakala moja.

Hatua ya 1: Kupakua

Nenda postgresql.org, sehemu ya Download, chagua Windows. Utapelekwa kwenye kisakinishi kinachotayarishwa na kampuni ya EDB. Faili lina zaidi ya MB 300, kwa hiyo wa kifurushi asubiri cha usiku. Kompyuta iwe ya biti 64. Toleo kuu jipya hutoka kila mwaka na kila moja hupata marekebisho kwa miaka 5, basi chukua la karibuni. Mifano yangu ni ya toleo la 17. Kama lako ni jingine, badilisha namba hiyo kila unapoiona.

PostgreSQL ni ya bure kabisa. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 katika mradi ulioongozwa na Michael Stonebraker, na jina la sasa ilipewa mwaka 1996. Leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kibiashara bila kumlipa mtu. Ukikuta mahali wanakuuzia "ufunguo" wake, funga ukurasa huo.

Hatua ya 2: Kusakinisha

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Folda iache ilivyo. Kwenye orodha ya vijenzi baki na PostgreSQL Server, pgAdmin 4 na Command Line Tools. Stack Builder iondolee tiki, hutaihitaji leo.

Folda ya data nayo iache ilivyo. Nimeona watu wakiipeleka kwenye Documents ili "iwe karibu", na Documents yao inasawazishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Programu mbili zikigombania mafaili yaleyale kwa wakati mmoja, data ndiyo inayoumia.

Sasa nywila. Hapa utaulizwa nywila ya mtumiaji anayeitwa postgres, ambaye ndiye mkuu wa kila kitu: anaweza kufuta kanzidata zote bila kuulizwa mara mbili. Usiweke 1234, wala jina la duka. Tumia herufi na tarakimu, ndefu kiasi, na epuka alama kama @ na : na / kwa sababu baadaye ukiunganisha programu nyingine zitakusumbua. Iandike kwenye daftari, daftari la karatasi, kabla hujabofya "Next".

Poti, yaani namba ya mlango ambao programu nyingine huifikia PostgreSQL, ni 5432. Ukiona kisakinishi chenyewe kimependekeza 5433, maana yake kuna PostgreSQL nyingine tayari ndani ya mashine. Simama hapo uikague kwanza. Lugha na eneo acha "Default", kisha maliza.

Hatua ya 3: Kuhakikisha iko hai

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta postgresql-x64-17. Iwe imeandikwa Running.

Kisha fungua SQL Shell (psql), dirisha la kuiandikia PostgreSQL amri, kwenye menyu ya Start. Itakuuliza seva, kanzidata, poti na mtumiaji. Bonyeza Enter mara nne, kisha andika nywila. Unapoandika nywila hakuna kitakachoonekana, hata nyota. Wengi hudhani kibodi imekufa. Endelea tu kuandika, halafu Enter.

Huenda likatokea onyo kuhusu "code page". Kwa Kiswahili halina madhara, maana herufi zetu hazina vialama juu yake. Jaribu:

```
SELECT version();
```

Hapo penye nukta mkato ndipo wageni wengi hukwama. Ukiisahau, psql haikwambii umekosea, inakungoja tu. Utaona alama ya mwanzo wa mstari imebadilika kutoka `postgres=#` kuwa `postgres-#`. Kistari hicho kinasema "sentensi haijaisha". Andika `;` peke yake, bonyeza Enter, na jibu litakuja.

Hatua ya 4: Mtumiaji wako na kanzidata yako

Usifanye kazi za kila siku kwa kutumia postgres. Tengeneza mtumiaji mwingine:

```
CREATE ROLE muuzaji LOGIN;
\password muuzaji
CREATE DATABASE duka OWNER muuzaji;
\c duka muuzaji
```

Tazama tena mwanzo wa mstari: sasa ni `duka=>` badala ya `#`. Alama ya reli ni ya mkuu, mshale ni wa mtumiaji wa kawaida. Jizoeze kuutazama kabla ya kufuta chochote.

Jedwali la kujaribia:

```
CREATE TABLE mauzo (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  bidhaa text NOT NULL,
  idadi integer NOT NULL CHECK (idadi > 0),
  bei numeric(12,2) NOT NULL,
  wakati timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
INSERT INTO mauzo (bidhaa, idadi, bei)
VALUES ('Saruji mfuko kilo 50', 3, 17500);
SELECT * FROM mauzo;
```

Pesa iwe numeric siku zote. Aina ya float hukadiria, na mwisho wa mwezi senti zitakataa kulingana. Toka kwa `\q`.

Hatua ya 5: Nakala, na kuirejesha

Chomeka flashi. Tuseme ni D, na ndani yake umetengeneza folda ya nakala. Fungua Command Prompt:

```
cd "C:\Program Files\PostgreSQL\17\bin"
pg_dump -U muuzaji -h localhost -Fc -f D:\nakala\duka.dump duka
dir D:\nakala
```

Amri ya `dir` usiiruke. Angalia ukubwa wa faili kwa macho yako. Lakini faili kuwa na uzito bado si ushahidi tosha, kwa hiyo irejeshe kwenye kanzidata nyingine:

```
createdb -U postgres -h localhost -O muuzaji duka_jaribio
pg_restore -U muuzaji -h localhost -d duka_jaribio D:\nakala\duka.dump
psql -U muuzaji -h localhost -d duka_jaribio -c "SELECT count(*) FROM mauzo;"
```

Linganisha hesabu hiyo na ya duka lenyewe. Zikilingana, ifute ya majaribio kwa `dropdb -U postgres -h localhost duka_jaribio`. Soma jina mara mbili kabla ya Enter.

Ukitaka nakala zijichukue usiku kupitia Task Scheduler, nywila lazima iwe mahali programu inaweza kuisoma. Andika %APPDATA% kwenye upau wa File Explorer, tengeneza folda iitwayo postgresql, na ndani yake faili pgpass.conf lenye mstari mmoja:

```
localhost:5432:*:muuzaji:nywila_yako
```

Notepad hupenda kuliita pgpass.conf.txt kimyakimya, na hapo halisomwi. Washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili uhakikishe. Kazi yenyewe ya usiku iendeshwe na mtumiaji yuleyule wa Windows mwenye folda hiyo. Na kwenye amri ya pg_dump ongeza `-w`, ili nywila ikikosekana ishindwe papo hapo badala ya kukaa inangoja mtu aliyelala. Hiyo `-w` ndiyo niliyoikosa Morogoro.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, nimesahau nywila ya postgres. Kila nikijaribu inasema "password authentication failed". Nimeondoa programu nikasakinisha upya, bado inakataa. Nifanyeje?

Pole sana ndugu yangu. Kuondoa programu hakufuti folda ya data, na nywila ya zamani inaishi humo. Na ni bahati kwamba haifuti. Fungua Notepad kama administrator, nenda C:\Program Files\PostgreSQL\17\data, nakili kwanza pembeni faili pg_hba.conf, ambalo huamua nani anaingia na kwa njia gani. Kisha kwenye mistari ya 127.0.0.1/32 na ::1/128 badilisha scram-sha-256 iwe trust. Anzisha upya huduma kwenye services.msc, ingia psql, andika `\password postgres`, weka mpya. Halafu rudisha scram-sha-256 na uanzishe huduma tena. Usilale na trust; ikiwa hivyo yeyote aliyeketi kwenye mashine hiyo anaingia bila nywila.

Mwanachama, Dodoma: Command Prompt inasema psql haitambuliki.

Hukuanza na ile `cd` ya hatua ya 5. Kama hutaki kuiandika kila mara, ongeza folda ya bin kwenye Path ya Windows, ufungue dirisha jipya.

Mwanachama, Mombasa: Mwalimu, shukran kwa somo. Mimi niliunda database nikiwa postgres, kisha nikaingia na mtumiaji wangu kuunda jedwali. Naambiwa "permission denied for schema public". Mafunzo ya zamani niliyoyasoma hayakuwa na shida hii.

Mafunzo hayo ni ya kabla ya toleo la 15 la mwaka 2022. Zamani kila mtumiaji aliweza kuunda majedwali kwenye public, sasa ni mwenye kanzidata peke yake. Ingia kama postgres uandike `ALTER DATABASE duka OWNER TO muuzaji;` ukiweka majina yako. Ndiyo maana hatua ya 4 ina neno OWNER.

Mwanachama, Tabora: Nina XAMPP tayari. Hazitagongana?

Hapana. Kanzidata inayokuja na XAMPP hutumia poti 3306, si 5432.

Mwanachama, Iringa: Huku kwetu umeme unakatika bila taarifa. Si itaharibika?

Swali zuri, dada. PostgreSQL kabla ya kukwambia kwamba badiliko limekubaliwa, huliandika kwanza diskini kwenye kumbukumbu iitwayo WAL. Umeme ukirudi, huisoma kumbukumbu hiyo na kukamilisha kilichokubaliwa. Kilichokuwa nusu hukitupa. Kuna ushauri huzunguka wa kuzima mpangilio wa fsync ili mashine iwe nyepesi. Usiufuate, maana unaondoa ulinzi huohuo. Laptopu yenye betri nzima inakufaa kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Na kama diski yenyewe inaanza kufa, WAL haikusaidii, inayokusaidia ni flashi.

Mwanachama, Mbeya: Nataka kompyuta ya kaunta isome kanzidata iliyo ofisini, kwenye waya uleule wa ndani.

Kwenye ile ya ofisini, ndani ya pg_hba.conf ongeza:

```
host  duka  muuzaji  192.168.1.0/24  scram-sha-256
```

Namba za mtandao ziwe zako. Utaziona kwa amri ya ipconfig. Kwenye postgresql.conf hakikisha listen_addresses ni '*', ruhusu poti 5432 kwenye ngome ya Windows (Firewall), kisha anzisha huduma upya. Mlango huo ubaki ndani ya duka. Usiufungue kwenye ruta kuelekea intaneti.

Mwanachama, Unguja: Assalaam alaykum. Nimefuata hatua ya 5 yote. Hesabu ya duka ni 412, ya duka_jaribio ni 409. Nakala yangu ni mbovu?

Waalaykum salaam. Wakati unachukua nakala, duka lilikuwa wazi? pg_dump hupiga picha ya kanzidata pale inapoanza, na kinachouzwa baada ya hapo hakimo. Kwenye duka andika `SELECT * FROM mauzo ORDER BY id DESC LIMIT 3;` utazame safu ya wakati.

Mwanachama, Unguja: Nimeziona. Zote tatu zimeandikwa 11:15 na dakika zinazofuata, +03 mwishoni. Nakala nilianza kuichukua saa tano na dakika kumi, na kijana alikuwa anauza rangi.

Basi nakala yako ni nzima. Chukua nyingine leo usiku mkishafunga, uihesabu tena.